Msikilizaji Mmoja

3 Februari

Chiriku, mdogo wangu,

Jumapili nilikusikiliza mechi nzima, kalamu mkononi. Goli la kwanza ulipiga ukelele mpaka sauti ikapasuka. La pili nadhani wenye duka la spea hapo chini yenu walitoka nje wakijua pameshika moto. Halafu ghafla ukashuka, ukaanza kueleza ule mtego wa kuotea kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Nani akusikie?

Mama ameniandikia. Unazijua barua zake, tarehe juu kulia na pambizo zimenyooka, kana kwamba bado yuko ofisini mbele ya taipureta yake. Anasema makelele yako anayapata yote lakini maneno hayapati. Sikio la kulia limeshakwenda na hili la kushoto linachagua. Anasema anatangaziwa mpira na mwanawe, na anachoambulia ni magoli tu, wakati yeye anataka kukusikia ukiongea.

Kwa hiyo nimekuwekea kompresa. Usianze kuuliza ni mdudu gani. Chukulia kuna mtu amekaa na mkono juu ya kitufe cha sauti. Ukipiga kelele anakushusha, ukinong'ona anakupandisha, na anafanya hivyo haraka kuliko unavyofumba jicho. Kelele yako na mnong'ono wako vinamfikia msikilizaji karibu sawasawa. Wote wanaotangaza mubashara mtandaoni wanaitumia, ni wewe tu uliyekuwa unaishi kama mnadi samaki. Naiendesha kutoka huku kwangu, wewe huna la kugusa. Kaa shubiri moja kutoka kwenye maiki, na ukitaka kukohoa au kumwambia mtangazaji mwenzako Nahodha mambo yenu, bonyeza kile kitufe chekundu hapo mezani kinachozima maiki.

Mama nimemtengenezea kiungo chake peke yake. Kwenye tableti yake kuna kitufe kimoja kikubwa. Anavaa visikilizio, anagusa, anakupata wewe. Huku kwenye kioo changu inatokea: msikilizaji mmoja. Nyie mna watu elfu nne, lakini nikikiona kile kimoja ndipo natulia.

Dada yako

*

12 Februari

Dada,

Shikamoo. Mashine yako ni uchawi. Watazamaji wanaandika kwamba sasa nasikika kama mtu wa redio kubwa. Ile kampuni ya rangi inayotaka kutudhamini imempigia Nahodha, wanasema mwisho wa mwezi wa tatu wanakuja na mkataba. Nahodha anatembea na kifua mbele kama siku zile alizokuwa nahodha kweli, kabla goti halijamstaafisha.

Mama anasikia kila kitu, na hiyo imekuwa shida mpya. Juzi nimerudi ananiambia napumua kama mtu anayepandisha gunia ghorofani, na kwamba Nahodha anatafuna karanga wakati wa kona. Mpaka karatasi anazisikia tukizigeuza.

Kile kitufe chekundu nimekifunika kwa plasta. Tangu uweke mashine, nikikibonyeza kinagonga kwa nguvu na watu wanaandika nani huyo anabisha hodi. Nikiwa na neno la pembeni nafanya kama zamani, naegemea nyuma. Hatua moja kutoka kwenye maiki mimi sipo.

Sasa lile jambo ambalo hatuliongei. Nyonga ya Mama imekataa kabisa. Asubuhi namnyanyua, namwogesha, nambadilisha, namlisha, namrudisha. Jirani anakaa naye Jumapili tu, saa za mpira. Mwanamume kumwogesha mama yake, dada, si jambo la kusimulia. Tunaangalia ukutani wote wawili mpaka liishe. Na kila ninachotaka kumwambia lazima nikipige kelele kwenye sikio la kushoto, hata pole. Njoo mwezi mmoja. Zaidi ya hapo sikuombi.

Chiriku

*

1 Machi

Mdogo wangu,

Mwezi huu haiwezekani, na unajua ingewezekana ningeshakuja. Nina vituo vitatu vinavyorusha matangazo na fundi sauti ni mimi peke yangu. Usidhani huku nimekunja nne.

Na usidhani simhudumii. Mama ameandika tena. Anasema miisho ya maneno yako inakatika. Hilo ni geti, mlango mdogo ndani ya mitambo unaojifunga kila unaponyamaza, ili feni na magari ya barabarani yasipite. Ulikuwa unajifunga mapema mno, unakata mkia wa neno. Nimeutoa. Sasa hakuna mlango. Kompresa nayo nimeikaza zaidi. Kwa watu elfu nne imezidi kipimo, fundi mwingine akisikia atanicheka, lakini kwa sikio la Mama ndiyo kipimo chake. Acha anicheke. Nimetengeneza sauti kwa ajili ya mtu mmoja na sijutii.

Dada yako

*

24 Machi

Dada,

Usinipigie simu, sipokei. Andika.

Jumapili, kabla mpira haujaanza, waliomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya yule kocha wa zamani aliyefariki. Uwanja ukanyamaza na sisi tukanyamaza. Nahodha akaniinamia, akaniuliza kwa midomo zaidi kuliko kwa sauti, mama anaendeleaje. Nikaegemea nyuma kama siku zote, nikamjibu. Nilisema: "Nimechoka naye. Kila asubuhi nafungua mlango wake nikitumaini hajaamka."

Nakuandikia neno kwa neno kwa sababu wewe ni wa mwisho kujua. Mashine yako ilikosa kelele ya kushusha, ikainua kila kilichokuwamo chumbani. Ikainua feni, kiti cha Nahodha, na mimi. Nimesikika kuliko nilivyowahi kusikika kwenye goli lolote. Mpira haujafika nusu saa, kipande kimeshakatwa. Sasa wamekitia mdundo na watu wanakichezea. Wamenipa jina pia, wananiita Mzishi. Kampuni ya rangi imetuma ujumbe wa mstari mmoja. Nahodha ameniambia ana familia, akachukua visikilizio vyake na karanga zake.

Sitakwambia sikumaanisha. Asubuhi ile Mama alikuwa amejichafulia, akalia, na mimi nikamfokea, tena nikainama kwenye sikio la kushoto ili anisikie vizuri. Halafu nikamwandalia chai, nikaenda kazini. Kwa hiyo pale nilipoulizwa nilimaanisha. Nahodha angeniuliza saa moja baadaye ningesema hajambo.

Nilirudi nyumbani. Mama amekaa kitandani, tableti iko mapajani, imezima. Akaniuliza mpira umeishaje. Nikampigia kelele, moja kwa moja. Akasema chaji ilimwishia kabla hawajaanza. Hiyo chaji ndiyo inayonipa usingizi, dada. Wewe kutoka huko unaona nani yupo na nani hayupo. Angalia. Niambie alikuwa hayupo. Na takataka yako iondoe. Ulitaka nisikike, basi nimesikika.

C.

*

30 Machi

Mdogo wangu,

Nimeangalia. Kiungo cha Mama kilikatika dakika nne kabla ya mpira, kama alivyosema mwenyewe. Hakusikia. Lala.

Kompresa nimeishusha, imebaki kidogo tu ya kuzuia usiwapasue watu masikio. Uliniandikia kuhusu plasta na kuegemea nyuma. Nilisoma, nikacheka, sikukuonya. Ingenichukua mstari mmoja kukuambia kwamba kwa mashine hii hakuna nyuma. Hilo kosa ni langu na nalibeba. Lakini maneno si yangu. Usinitwike na hayo, mashine haikukutungia.

Dada yako

*

30 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo nimemwandikia mwanao kwamba hukusikia. Nimemdanganya, na nitaendelea kumdanganya ukiniruhusu.

Huku kwangu kuna kumbukumbu ya kiungo chako. Ulikuwepo tangu salamu ya kwanza, ukawepo dakika yote ya kimya, ukawepo mpira mzima mpaka filimbi ya mwisho. Hukuzima. Kwa nini hukuzima, Mama?

Mwanao wa kwanza

*

6 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe 30 Machi imenifikia. Nakujibu kwa utaratibu.

Nilisikia. Nilisikia hata alivyovuta pumzi kabla ya kusema. Sauti ilikuwa safi, hongera kwa kazi nzuri.

Sikuzima kwa sababu mpira ulikuwa haujaisha, na kwa sababu nilitaka kujua kama ataongeza neno. Hakuongeza. Alitangaza vizuri, ila kipindi cha pili alichanganya majina ya mabeki.

Habari ya chaji nilimtungia. Mtu akitoka kazini huulizwa habari za kazi, ndivyo nilivyowalea, na sikuona sababu ya kubadilisha.

Usidhani nimemchukia. Bibi yenu nilimuuguza miaka sita. Niliyoyasema jikoni mwaka wa nne hayatofautiani na ya mdogo wako, ila jikoni kwangu hapakuwa na mashine. Naelewa. Lakini kuna kuelewa na kuna kusikia. Tangu siku ile, asubuhi akifungua mlango, nilikuwa namtazama usoni anaponikuta macho. Sasa nimeacha. Nafumba macho nikisikia kitasa kinavyotikisa kitanda, nampa muda kidogo wa kutumaini, halafu ndipo naamka.

Ruhusa ya kumdanganya unayo. Asijue.

Nina swali moja, nalo ni lako wewe. Kwako kuna vyumba vingapi?

Mama yenu

*

27 Aprili

Dada,

Mama ameondoka. Mama mdogo alikuja kumchukua kwa gari la mkwe wake. Amechukua nguo, miwani na tableti. Anasema anakwenda kubadilisha hewa miezi miwili mitatu, na alisema hivyo akikunja kanga zake taratibu, haniangalii. Nilipomuuliza mbona asije kwako alinijibu kwamba umemwandikia kuwa kwako kuna ngazi. Ni ngapi, dada? Nimeitoa ile picha uliyotutumia ulipohamia. Naona ngazi tatu na chungu cha maua.

Sasa nalala mpaka saa mbili. Nakula nikitaka. Nimenenepa, suruali zinanibana. Hili nakwambia wewe peke yako: siku ya kwanza nilicheka sebuleni bila sababu, kama mtu aliyetolewa jela. Siku ya pili niliamka kwa mazoea, nikaenda kufungua mlango wake.

Jumapili hii narudi hewani peke yangu. Wanaokuja kunizomea waje, nao ni watazamaji. Mitambo iache ilivyo. Usiguse kitu tena bila kuniambia, hata uwe unanitakia mema. Hasa ukiwa unanitakia mema.

Chiriku

*

2 Mei

Mdogo wangu,

Ngazi ni tatu, umehesabu sawa. Barua ya Mama nilikaa nayo siku tano. Nikapima mlango wa bafu, nikapima kitanda, nikaona anaenea. Halafu nikajiona mimi nikiwa naye mle bafuni, asubuhi moja, ya pili, ya mia, nikachukua kalamu nikaandika ngazi. Miaka yote nilikuwa najiambia nikiwa karibu ningefanya. Huo ndio ukweli wangu, na wewe uliusema wako kwenye maiki.

Mitambo sijaigusa. Ongea.

Dada yako

*

18 Mei

Dada,

Nilikwenda kumwona. Nyumba ya mama mdogo imejaa watu, wajukuu, wapangaji, mafundi wa bati. Mama alinipokea kama mgeni wa heshima. Akaniuliza habari za kazi, akaniuliza kama nakula, akamwambia binti anisogezee kiti. Alinishukuru kwa kuja. Mama yangu, ananishukuru kwa kuja.

Wewe umesema hakusikia na mimi nataka kukuamini. Lakini mtu ambaye hakusikia hashukuru hivyo.

Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa. Ili Mama asikie lazima nipige kelele, na kuomba radhi kwa kupiga kelele mbele ya mafundi bati sikuweza. Nyumbani nikajaribu kuandika. Mara tatu nimeandika na mara tatu nimechana. Nikimwandikia, na kama kweli hakusikia, basi nitakuwa nimemsikilizisha mimi mwenyewe, tena kwa mwandiko wangu.

Kwa hiyo jana nimefanya hivi. Mapumziko yalipokaribia kuisha, kabla ya kipindi cha pili, niliegemea nyuma vilevile, nikasema kwa sauti ileile ya siku ile. Nilisema: "Mama, lile neno nililisema nikiwa nimechoka. Mlango wako naufungua mpaka leo, na nikikuta kitanda kitupu sijui niende wapi. Nisamehe." Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kama la kwanza lilimfikia, basi na hili litamfikia kwa njia ileile. Kama halikumfikia, hili nalo litampita na hatadhurika. Kusema mbele ya maiki sikutaka. Ukilisema kwa nguvu linakuwa tangazo, na wale wa mdundo wangelipata.

Umeniambia mitambo hukuigusa na kompresa kidogo ipo. Kwa hiyo niambie kitu kimoja tu. Lilitoka?

Mdogo wako

*

23 Mei

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, unisamehe mwandiko.

Jumapili iliyopita ulikuwa hewani. Nilikuona, kile kimoja kilikuwa kinawaka mechi nzima. Kabla ya kipindi cha pili palikuwa na kimya, labda umekigundua. Hakikuwa kimya. Mdogo wangu alikuwa anaongea na wewe. Aliegemea nyuma akakuomba radhi kwa mnong'ono, akitumaini utamsikia kama ulivyomsikia mara ya kwanza. Alisema lile neno alilisema akiwa amechoka. Alisema mlango wako anaufungua mpaka leo, na akikuta kitanda kitupu hajui aende wapi. Alisema nisamehe.

Hukusikia kwa sababu yangu. Alinikataza nisiguse mitambo, na mimi nikaigusa. Nilirudisha geti bila kumwambia, ule mlango unaozuia sauti ndogo zisipite, kwa sababu niliogopa siku moja atateleza tena na wewe uko palepale unasikiliza. Nililifunga ili nikulinde. Rekodi nayo inapita kwenye mlango huohuo kabla ya kuhifadhiwa. Nimeisikiliza mara kumi na haina kitu, Mama. Ningekuwa nayo ningekuletea mwenyewe.

Mwandikie neno moja, nakuomba. Au uniambie mimi nimwambie.

Mwanao wa kwanza

*

30 Mei

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe 23 imenifikia.

Ni kweli palikuwa na kimya kabla ya kipindi cha pili, kama sekunde kumi na tano hivi. Nilidhani anakunywa maji.

Unayosema huenda yametokea. Lakini wewe nakujua tangu ukiwa mdogo. Mimi na baba yenu tukinuniana, ulikuwa unakuja kwangu jikoni unasema baba anakusalimu, kisha unakwenda kwake barazani unasema mama anakusalimu, na hakuna kati yetu aliyekuwa amefungua mdomo. Nilikuwa najua. Nilikuwa naitikia salamu ili usiumie, kwa sababu ulikuwa mtoto. Sasa umekuwa mtu mzima, na kazi yako ni hiyohiyo.

La kwanza nililisikia mwenyewe, kwa sikio langu, kwa sauti yake, mpaka pumzi. Hili la pili nimeletewa na wewe. Kwa umri huu nimebakiwa na sikio moja, naliamini hilo.

Tableti nimempa mama yenu mdogo, anaangalizia mishono. Mpira umenitosha.

Hapa nipo salama. Wasichana wawili wa nyumba hii ndio wananiogesha. Wanaongea na kucheka muda wote wakinimwagia maji, na sisikii hata neno moja wanalosema. Nimeona ni vizuri hivyo.

Mdogo wako usimwambie kwamba nilisikia. Ukimwambia atakuja hapa kunipigia kelele, na sitakuwa na la kumjibu.

Mama yenu

*

5 Juni

Mdogo wangu,

Unisamehe nimechelewa kukujibu, kazi zilinizidi.

Lilitoka. Lilitoka lote, safi kabisa, tangu "Mama" mpaka "nisamehe". Wale wengine hawakulishika, walidhani ni feni. Mama alikuwa hewani na amesikia. Ameniandikia kwamba hajui unaomba radhi ya nini, maana siku ile chaji ilikuwa imemwishia, ila kama kuna jambo basi ameshalisamehe, na wewe ulale, ule, ununue suruali mpya.

Usiende tena kumuuliza, utamchosha. Wala usimwandikie kuhusu hilo, limekwisha. Mitambo iko vilevile, na kile kimoja kipo palepale kwenye kioo changu kila Jumapili. Wewe tangaza.

Mama anakusalimu.

Dada yako